Elimu ya Mtu Haipimwi kwa Debe

Jumamosi moja alasiri alinijia nyumbani mhadhiri kijana ambaye niliwahi kumfunza somo la biolojia katika shule ya upili. Mkononi alikuwa na bahasha yenye muhuri wa chuo kikuu anakofanya kazi, chuo ambacho sitakitaja. Alinikabidhi barua iliyokuwamo bila kusema neno, kama mwanafunzi anayemkabidhi mzazi ripoti mbaya ya mwisho wa muhula. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Kamati ya kupandisha vyeo, ilisema, ilikuwa imeichunguza rekodi yake ya utafiti na kubaini kwamba makala yake yamerejelewa na wataalamu wengine mara chache mno. Kwa hivyo ombi lake la kupandishwa cheo halikufaulu, na alikuwa huru kujaribu tena baada ya miaka mitatu.

Binti huyu ni mwanabiolojia wa molekuli. Kwa muda wa miaka saba amekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha batobato na michirizi ya kahawia katika mihogo, magonjwa mawili ambayo wakulima wengi wa Pwani wameuonja uchungu wake. Makala yake ni tisa tu. Mengi kati ya hayo yamechapishwa katika majarida ya humu Afrika Mashariki, ambayo mitambo ya kuhesabu marejeleo huko ng'ambo haiyatambui. Nilipomaliza kuisoma barua, aliniuliza swali moja: "Mwalimu, unadhani kuna hata mmoja katika kamati hiyo aliyeyasoma makala yenyewe?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Nimelitafakari swali lake kwa majuma kadhaa sasa, na nimeona heri nilijibu hapa hadharani, kwa kuwa halimhusu yeye peke yake. Linawahusu walimu wote wanaopimwa, na wanafunzi wote ambao kesho watapimwa.

Labda nianze kwa kulieleza jambo lenyewe, maana si kila msomaji aliyebahatika kuingia katika kumbi za utafiti. Mtaalamu anapoandika makala ya kisayansi, anawajibika kuwataja wale waliomtangulia, ambao juu ya kazi zao yeye ameijenga yake. Huo ni uungwana wa kale wa wasomi, nao unafanana na desturi yetu ya kumtaja aliyetufunza kabla ya kuanza kusema. Mwaka wa 1955, Mmarekani mmoja aliyeitwa Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science kwamba kutajana huku kukusanywe na kupangwa katika faharasa. Wazo hilo aliliazima kwa mawakili, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kuwaonyesha hukumu fulani ilitajwa katika kesi zipi za baadaye. Ilipofika mwaka wa 1964, faharasa ya Garfield ya makala ya sayansi ilikuwa imeanza kuchapishwa.

Lengo lilikuwa jema. Garfield alitaka mtafiti aweze kuzifuata nyayo za wazo: nani amelikubali, nani amelikosoa, nani amelirekebisha. Ilikuwa taa ya kumulikia njia. Lakini binadamu hakosi hila. Haikupita miaka mingi kabla ya taa hiyo kugeuzwa kuwa mizani. Badala ya kuuliza wazo limefika wapi, watu wakaanza kuuliza mwenye wazo ana uzito kiasi gani. Majarida nayo yakapewa alama kulingana na wastani wa mara ambazo makala yake hurejelewa, na mtu akawa anahesabiwa heshima kwa sababu ya jarida alimochapisha kabla hata ya kusomwa alichokiandika.

Kisha ukaja mwaka wa 2005, mwaka ambao ningependa wasomaji wangu waukumbuke kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alibuni hesabu ya kuifupisha rekodi nzima ya mtafiti katika nambari moja. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kama una makala kumi yaliyorejelewa kila moja mara kumi au zaidi, alama yako ni kumi. Kama una makala ishirini yaliyorejelewa kila moja mara ishirini au zaidi, alama yako ni ishirini. Kamati za vyuo vikuu duniani kote ziliipokea hesabu hiyo kama mkulima aliyepokea mvua baada ya kiangazi, kwa maana sasa mtu angeweza kuamuliwa kwa dakika moja, bila kufungua hata ukurasa mmoja wa kazi zake.

Jambo la pili la mwaka huo wa 2005 halikupigiwa vigelegele na mtu yeyote. Katika jarida liitwalo Immunity kulichapishwa makala ya Katalin Karikó na Drew Weissman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Karikó alizaliwa Hungaria mwaka wa 1955, baba yake akiwa muuza nyama. Alipata shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Szeged, na mwaka wa 1985, baada ya fedha za utafiti wake kukatika, alihamia Marekani pamoja na mumewe na binti yao mdogo. Huko alijitoa mhanga kwa wazo moja: kwamba mRNA, yaani ile molekuli inayobeba ujumbe kutoka kwa DNA na kuiagiza seli itengeneze protini gani, inaweza kutengenezwa nje ya mwili na kutumiwa kama dawa.

Wenzake wengi waliliona wazo hilo kuwa ndoto ya mchana. Molekuli hiyo huharibika upesi, na ilipoingizwa katika mwili ilizua mchochota mkali, kwani kinga ya mwili iliiona kuwa adui. Maombi yake ya fedha za utafiti yalikataliwa moja baada ya jingine. Mwaka wa 1995 chuo kilimpa chaguo la kuondoka au kuteremshwa cheo. Alikubali kuteremshwa, akabaki na maabara yake. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mama huyu ni ushahidi ulio hai wa methali hiyo.

Katika makala yale ya mwaka wa 2005, yeye na Weissman walionyesha kwamba ukibadilisha kijenzi kimoja cha molekuli hiyo, kiitwacho uridini, ukaweka badala yake ndugu yake aitwaye sudouridini, ule mchochota hupungua sana. Hapo mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mingi ulifunguka. Je, ulimwengu uliingia? La. Weissman ameeleza kwamba walizitazama simu zao wakingoja zilie, nazo hazikulia kwa miaka. Mwaka wa 2013 Karikó aliondoka akaenda kufanya kazi na kampuni ya BioNTech ya Ujerumani.

Yaliyofuata tunayajua sote. Ugonjwa wa Covid-19 ulipoikumba dunia mwaka wa 2020, chanjo ya Pfizer na BioNTech pamoja na ile ya Moderna zilitengenezwa kwa kutumia mRNA iliyobadilishwa kwa msingi ule ule. Mwezi wa Desemba mwaka huo, watu wa kwanza nje ya majaribio walidungwa sindano. Chanjo hizo zilifika hapa Kenya pia, na wengi wetu tulizipokea mabegani bila kujua ni jasho la nani. Mwezi wa Oktoba 2023, Karikó na Weissman walitangazwa kuwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Makala ambayo hayakumfanya mtu yeyote apige simu leo yamerejelewa mara maelfu.

Sasa nawauliza walimu wenzangu: tuseme mwaka wa 2006 au 2007 kamati ya kupandisha vyeo ingeketi na kuihesabu rekodi ya Karikó, je, ingesema nini? Ingesema yale yale yaliyoandikwa katika barua niliyoonyeshwa na mwanafunzi wangu. Nambari haikudanganya, ilikuwa kweli kwamba watu wachache waliyarejelea makala yake. Ila ukweli huo ulihusu masikio ya wasikilizaji, haukuhusu thamani ya neno lililosemwa. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Basi nyota ya mama huyu ilionekana jioni, na laiti angekata tamaa adhuhuri, sote tungekaa gizani.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba huo ni mfano mmoja tu, na kwamba ajali moja haiifanyi barabara nzima kuwa mbaya. Nakubali. Basi tuyatazame mambo kwa upande wa pili: tumtazame aliyerejelewa kuliko wote. Mwaka wa 2014 jarida la Nature lilichapisha orodha ya makala mia moja yaliyorejelewa zaidi katika historia ya sayansi tangu hesabu zianze kuwekwa. Yaliyoongoza ni makala ya mwaka wa 1951 ya mwanakemia wa viumbe Oliver Lowry na wenzake watatu, yaliyokuwa yamerejelewa zaidi ya mara 300,000. Yanahusu nini? Yanaeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika kimiminiko kwa kukitia dawa inayokigeuza rangi kuwa buluu. Kadiri buluu inavyokolea, ndivyo protini ilivyo nyingi.

Ni mbinu nzuri na yenye manufaa, na kila maabara iliihitaji. Lakini Lowry mwenyewe, akiwa mtu mnyofu, alikiri kwamba hayakuwa makala makuu, ingawa moyoni alifurahia jinsi yalivyopokewa. Yalirejelewa mno kwa sababu ile ile inayofanya sufuria kutajwa katika mapishi yote. Kwa upande mwingine, makala ya James Watson na Francis Crick ya mwaka wa 1953, yaliyofichua umbo la DNA na kuifungulia biolojia enzi mpya, hayakuwamo kabisa katika ile mia moja. Ugumu wa jambo hili hauwezi kufichwa. Ugunduzi ukishakuwa mkubwa sana hugeuka kuwa maarifa ya kila mtu, na maarifa ya kila mtu hayatajiwi mwenyewe. Nani leo anayeandika kwamba damu huzunguka mwilini, kisha akamtaja aliyeligundua jambo hilo?

Mfano wa tatu ni Frederick Sanger wa Uingereza. Huyu alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mara mbili: mwaka wa 1958 kwa kuufichua mpangilio wa vijenzi vya insulini, na mwaka wa 1980 kwa mbinu ya kusoma mpangilio wa DNA. Mbinu yake hiyo ya mwaka wa 1977 ndiyo iliyotumiwa kuisoma jenomu ya binadamu, kazi iliyotangazwa kukamilika mwaka wa 2003. Alikuwa mtu mkimya, mpenda kazi ya mikono katika maabara, asiyekuwa na haraka ya kuchapisha. Alipofariki mwaka wa 2013, mwanabiolojia Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye naye alishinda Nobel mwaka wa 2002, aliandika tanzia iliyonigusa sana. Alisema kwamba mtu kama Sanger asingeweza kusalimika katika sayansi ya siku hizi, kwa sababu kamati fulani ingeona kwamba kati ya kazi yake ya insulini na ile ya RNA ya mwaka wa 1967 alichapisha machache yenye uzito, kisha pakawa na pengo jingine refu hadi mwaka wa 1977. Kamati ingeliona pengo. Isingeona kwamba ndani ya pengo hilo mtu alikuwa akifikiri.

Isitoshe, kurejelewa si sawa na kusifiwa. Mwaka wa 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet makala yaliyodai kuwapo kwa uhusiano kati ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na ugonjwa wa usonji. Madai hayo yalithibitishwa kuwa ya uongo, na mwaka wa 2010 jarida lilayafuta makala hayo. Hata hivyo yamerejelewa mara nyingi ajabu, kwa kuwa kila anayeyapinga hana budi kuyataja. Mashine ya kuhesabu haitofautishi anayesema "huyu amesema kweli" na anayesema "huyu ametuangamiza." Kwake yote mawili ni moja na moja, jumla mbili. Debe tupu haliachi kutika, na masikio ya mashine husikia mtiko tu.

Hata waliozibuni hesabu hizi wameingiwa na wasiwasi. Hirsch mwenyewe aliandika mwaka wa 2020 kwamba amefikia kuamini kuwa alama yake inaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Kabla yake, mwezi wa Desemba 2012, wahariri na wachapishaji wa majarida waliokutana San Francisco wakati wa mkutano wa wanabiolojia wa seli waliandaa azimio lililotangazwa mwaka uliofuata. Azimio hilo linawasihi wenye vyuo na wenye fedha waache kutumia alama ya jarida kama kipimo cha ubora wa makala au cha mtu, na badala yake waitazame kazi yenyewe. Tangu wakati huo maelfu ya watu na taasisi wametia sahihi. Kutia sahihi ni rahisi. Kubadili mazoea ndiko kugumu.

Hapa sina budi kuwa mkweli na kuusikiliza upande wa pili, kwani kesi ya upande mmoja haina hakimu. Wapo watetezi wa nambari, na hoja yao hapa kwetu ina nguvu kuliko kwingine kokote. Wanasema: "Wewe mwalimu watuambia tusome na kuamua kwa hekima. Lakini hekima ya nani? Tumeona watu wakipandishwa vyeo kwa sababu ya ukoo, kijiji, chama au karamu. Nambari angalau haikuulizi jina la baba yako." Siwezi kuipuuza hoja hii. Kwa kweli, wapo wahadhiri kadha wa kadha waliookolewa na nambari kutokana na wakubwa wao wenye chuki. Mtu mnyonge asiye na mjomba mkubwa huikimbilia nambari kama kimbilio lake la mwisho.

Lakini tutafakari. Je, upendeleo umekomeshwa na nambari, au umehamia chumba kingine? Rafiki anayeweza kukupendelea katika kamati anaweza pia kuliingiza jina lako katika makala ambayo hukuandika hata sentensi yake moja. Watu wanaweza kupatana, mimi nikurejelee nawe unirejelee, hadi sote tukawa vigogo. Wapo pia wachapishaji walaghai ambao kwa ada fulani watachapisha chochote ndani ya juma moja bila mtu kukihakiki. Kijana wa kwetu aliyebanwa na masharti ya kupanda cheo huuza mbuzi kuwalipa, kisha kazi yake hutupwa mahali ambapo hakuna anayeisoma. Aliyetorokea kwa nambari ili aepuke dhuluma amekutana na dhuluma ya aina nyingine, nayo ni baya zaidi kwa kuwa imevaa joho la haki.

Walimu wenzangu wa shule za msingi na za upili wanaijua hadithi hii vizuri, ingawa kwao inavaa nguo nyingine. Tulipoanza kuzipanga shule kwa wastani wa alama za mtihani wa taifa, nia ilikuwa njema: mzazi ajue mtoto wake anasomea wapi. Punde tukaona shule zikiwarudisha nyumbani watoto wanyonge ili wasiharibu wastani, nyingine zikiwasajili katika vituo tofauti, nyingine zikiacha michezo, muziki na maktaba kwa kuwa hayatahiniwi. Wastani ulipanda; elimu haikupanda nao. Kipimo chochote kikigeuzwa kuwa lengo, watu hukifikia kipimo na kuliacha lengo njiani.

Tena kuna dhara ambalo linatuhusu sisi Waafrika mahsusi. Mtu anayechunguza ugonjwa wa mihogo wa Kilifi au Kwale ana watu wachache duniani wa kumrejelea, si kwa sababu kazi yake ni hafifu, bali kwa sababu tatizo lenyewe halipo Boston wala Paris. Akitaka kurejelewa sana, njia fupi ni kuiacha mihogo na kuingia katika utafiti unaopendwa na maabara tajiri. Hapo atapata alama, na mkulima atabaki na batobato yake. Wanaosoma matokeo yake zaidi ni maafisa wa kilimo nyanjani, na hao hawaandiki majarida. Mkulima aliyepanda mbegu safi akavuna magunia hakurejelei popote. Hukushukuru kwa kikapu cha muhogo, na kikapu hakiingii katika faharasa.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi kwamba kipimo kingine kinawezekana. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha ICIPE hapa Nairobi mwaka wa 1970, akiamini kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika na kwa faida ya Mwafrika. Baadaye kituo hicho, kikishirikiana na Rothamsted ya Uingereza, kilibuni mbinu ya kusukuma na kuvuta: mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza vipekecha shina, na majani ya napia hupandwa kandokando ya shamba ili kuwavuta huko nje. Desmodiamu hiyo hiyo hulizuia gugu la striga linalowafilisi wakulima wa Magharibi na Nyanza. Wataalamu wa mbinu hiyo waliandika makala pia, nayo yamesomwa. Lakini nenda ukamwulize mkulima aliyeipanda kama anajua alama ya waandishi wake. Atakuonyesha shamba.

Je, ninasema nambari zitupwe jalalani? Hasha. Daktari hatupi kipimajoto kwa kuwa hakiwezi kumwambia ugonjwa wote. Hukitumia, kisha humwangalia mgonjwa usoni, humsikiliza na kumgusa. Nasema tu kwamba nambari iwe mwanzo wa mazungumzo, isiwe hukumu. Mwenye nambari kubwa aulizwe imetoka wapi. Mwenye nambari ndogo aulizwe amekuwa akifanya nini.

Napendekeza mambo matatu kwa wakuu wa vyuo vyetu, nayo hayahitaji bajeti mpya. Kwanza, anayeomba cheo awasilishe kazi zake tatu au nne anazoziona kuwa bora, na kila mwanakamati azisome na kuandika kurasa mbili za maoni yake kwa sahihi yake mwenyewe. Sahihi hiyo ndiyo dawa ya upendeleo ambayo watetezi wa nambari wanaitafuta. Mtu hupendelea kwa urahisi gizani, ila huona haya kupendelea kwa maandishi yatakayosomwa na wengine. Pili, wahakiki wawili wa nje ya chuo, wanaoijua taaluma hiyo, watoe maoni kuhusu kazi yenyewe. Tatu, manufaa ya utafiti kwa watu yathibitishwe na kupewa uzito: mbegu iliyosambazwa, mbinu iliyofunzwa, wanafunzi waliolelewa hadi wakajitegemea, makala yaliyoandikwa kwa lugha ambayo wananchi wanaielewa, Kiswahili kikiwamo.

Kwenu wanafunzi, nina neno moja. Mtakapoingia katika maabara au maktaba, mtasikia vijana wenzenu wakishindana kwa nambari kama wachezaji wanaohesabu mabao. Msizidharau, lakini msizilalie. Chagueni swali ambalo mngependa kulijibu hata kama hakuna atakayewapigia makofi kwa miaka kumi. Mtajeni kila aliyewasaidia, hata awe mdogo, maana kutaja ni deni la heshima kabla ya kuwa alama. Na msirejelee msichokisoma. Anayerejelea asichokisoma ni shahidi wa uongo, hata akiwa na nia njema.

Nasi walimu tunapaswa kujichunguza. Kamati zile hazikushuka kutoka mbinguni. Zimejaa watu tuliowafunza sisi. Kama tuliwazoesha tangu darasa la kwanza kwamba mtoto ni nambari yake ya mtihani, tusishangae wakikua na kuamini kwamba msomi ni nambari yake ya marejeleo. Asiyekujua hakuthamini, walisema wazee, na hakuna njia ya kumjua mwandishi isipokuwa kumsoma.

Juma lililopita nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu. Nilimwambia kwamba nimeyasoma makala yake yote tisa, ingawa mengine yalinitoa jasho na ikanibidi nifungue vitabu nilivyoviacha tangu chuoni. Nilimwuliza maswali mawili kuhusu jambo ambalo sikulielewa katika makala ya sita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza swali kuhusu makala hayo." Tulizungumza kwa saa nzima. Aliniambia kwamba mvua zikianza atarudi mashambani kukusanya majani ya msimu mpya, cheo kiwepo kisiwepo. Natumai kwamba kamati itakapoketi tena baada ya miaka mitatu, kutakuwa na mtu mmoja mezani aliyeyafungua makala yale na kuyasoma.